Omba Mvua, Zibua Mtaro

Usiku wa kuamkia Jumatatu, tarehe 10 Februari 2014, mvua kubwa ilinyesha Bujumbura kwa saa nyingi. Maji yaliteremka kwa kasi kutoka milima ya Mirwa iliyo juu ya mji, yakibeba matope na mawe, yakaingia mitaa ya kaskazini, Kamenge, Kinama hadi Gatunguru, watu wakiwa wamelala. Nyumba za rukarakara, yale matofali mabichi ambayo maskini wa mji huu hujengea, zililowa zikaangukia waliokuwa ndani. Waliokufa walizidi 60, wakiwemo watoto wengi, na maelfu wakabaki bila paa. Mchana uliotangulia ulikuwa wa Jumapili, siku ambayo makanisa ya mitaa hiyo hujaa hadi milangoni.

Naanza na usiku huo kwa sababu sisi Wakristo wa Bujumbura tunapenda sana kuomba mvua ya baraka. Tunaiimba kwenye kwaya, tunaiombea kwenye mikesha, tunawatakia maharusi. Na tunaomba kwa haki, maana Maandiko yenyewe yanaita mvua zawadi ya Mungu. Lakini hapa kwetu kila mtu anajua kwamba mvua ileile inayostawisha mpunga wa Gihanga inaweza kubomoa nyumba ya Kinama kabla hakujapambazuka. Katika yale yaliyo mikononi mwetu, tofauti hufanywa na mtaro uliozibuliwa, ukingo uliopandwa miti, na msingi uliochimbwa mapema. Kazi hizo hazifanyiki Februari. Hufanyika Julai na Agosti, jua likiwa kali na hakuna anayefikiria maji.

Basi ushauri wangu katika makala hii ni huo tu: kazi ya kila majira hufanywa katika majira yaliyotangulia, shambani na mtaroni, na vilevile moyoni.

Vitabu vingi vya ibada vinavyotufikia vimeandikwa na watu wa Ulaya na Marekani. Vinatuambia kwamba roho huwa na majira yake ya theluji, kisha maua huchanua, na tunachotakiwa ni kuvumilia baridi ipite. Sina ugomvi na ndugu hao, wanasema wanayoyaona madirishani kwao. Ila Mkristo wa Buyenzi au Kanyosha akijipima kwa kalenda hiyo anajifunza kungoja tu. Yuko karibu zaidi na watu wa Biblia kuliko anavyodhani. Mkulima wa Palestina alijua majira mawili makubwa: mvua zinazoanza Oktoba hivi na kukoma Aprili, kisha kiangazi kirefu ambacho tone halidondoki. Mvua za kwanza zililainisha udongo uliokuwa mgumu kama jiwe ili apate kulima, na zile za mwisho zilijaza punje kwenye masuke. Yakobo, katika sura ya tano ya waraka wake, anapomtaja mkulima anayezingoja mvua hizo mbili kwa uvumilivu, mama wa Mirwa hahitaji mhubiri wa kumfafanulia. Naye anaijua Agatasi, mvua zinazofungua mwaka wa kilimo kuanzia Septemba, anaijua Impeshi ya kuanzia Februari hadi Mei, na anaijua Ici, kiangazi cha Juni, Julai na Agosti.

Kwa macho hayo, soma tena mfano wa nyumba mbili katika Mathayo 7. Kule Palestina mabonde mengi huwa na mto wakati wa mvua tu. Kiangazi maji hukauka, mchanga hubaki tambarare, laini, rahisi kuchimbika, na mtu asiyeuliza wenyeji hudhani amepata kiwanja kizuri. Yule mjenzi mpumbavu hakujenga katikati ya dhoruba. Alijenga siku ya jua, kila kitu kikionekana salama, na bila shaka alimaliza mapema kuliko mwenzake. Luka, katika sura ya sita, anaongeza kwamba yule mwenye busara alichimba chini sana hadi akaufikia mwamba. Mwezi wa kiangazi nyumba zote mbili zilikuwa na kuta na paa, na wapita njia wangemsifu aliyemaliza kwanza. Mvua iliyokuja ilikuwa moja kwa wote wawili. Bwana wetu hakusema kwamba aliyesikia na kutenda hatapata mafuriko.

Nenda ukasimame kando ya Ntahangwa mwezi Julai uone. Maji ni membamba, vijana wamo mtoni wakichota mchanga na kupasua mawe ya kuuza, na kwa juu, upande wa Mugoboka na Mutanga, kuna nyumba zilizobaki hatua chache tu kutoka ukingo wa korongo. Kila mwaka ukingo unamegeka. Simlaumu aliyejenga pale. Wengine walijenga korongo likiwa mbali, wengine walinunua mahali pekee fedha yao ilipofika. Lakini mto wa Julai unadanganya, nao moyo wa mtu wakati wa utulivu unadanganya vilevile. Ndoa isiyo na kelele mwaka huu, kazi inayolipa mwaka huu, afya iliyopo mwaka huu, vyote vinaweza kuwa mchanga uliokauka tu. Wakati wa kuuliza umejenga juu ya nini ndio huu wa utulivu.

Tuanze basi na Ici, kwa maana ndiyo majira yanayodharauliwa kuliko yote. Kwa Wakatoliki na Waanglikana kiangazi huangukia zile Jumapili ndefu baada ya Pentekoste ambazo, ukiondoa Kupalizwa Mbinguni kwa Bikira Maria tarehe 15 Agosti, hazina sikukuu kubwa. Kwaresima imepita, Pasaka imepita, Majilio bado. Kwa Wapentekoste nako ni wakati ambao watu wengi wako safarini au harusini. Hakuna anayekusukuma. Ndiyo maana naitaka iwe miezi yako ya kazi.

Kazi ya kwanza ni fedha. Mavuno ya Impeshi yameingia, kiangazi ni msimu wa harusi, na kadi za michango zinafika nyumbani zikifuatana. Kuchangia ndugu ni upendo, sipingi. Napinga kuchangia hadi Septemba ikukute huna sare ya mtoto, huna madaftari, na huna mbegu ya kutuma kwa wazazi mlimani, ndipo uende kukopa kwa riba huku ukiomba muujiza. Kaeni mke na mume mwanzoni mwa Juni, andikeni kwenye karatasi mambo ya Septemba na kiasi chake, mkiweke kando kabla ya kujibu kadi hata moja. Yusufu kule Misri alijaza maghala katika miaka ya shibe, na Biblia inahesabu kazi hiyo kuwa hekima itokayo kwa Mungu. Familia nyingi ninazozijua zinaomba kwa machozi mwezi Oktoba jambo ambalo Mungu alikwisha kulijibu mwezi Juni, wakalitumia.

Kazi ya pili ni magomvi. Kesi nyingi katika mahakama zetu ni za ardhi, na sisi wa mjini tumo ndani yake, maana shamba la marehemu baba liko mlimani na ndugu hawajagawana. Ugomvi wa mpaka hulala kiangazi kizima, kisha huamka siku ya kwanza ya kulima, majembe yanapokutana. Wakati huo kila mtu ana hasira na chombo cha chuma mkononi. Mwende Julai. Kaeni chini ya mti, muwaite wazee, mzungumze huku shamba likiwa tupu na hakuna anayeharakisha kupanda. Mathayo 5 inatutaka tuache sadaka yetu mbele ya madhabahu twende kwanza tukapatane. Agizo hilo lina kiangazi chake, na ukikipitisha hutakipata tena hadi mwaka mwingine.

Kazi ya tatu ni ya ndani zaidi. Kuna wakati maombi hukauka. Unasoma Neno hulisikii, unaimba kwa mdomo tu, na ibada iliyokuwa ikikutoa machozi sasa unaitazamia iishe. Mkristo wa Bujumbura akifika hapo, mara nyingi huanza kuzunguka. Jumatano yuko chumba cha maombi cha mtaa huu, Ijumaa mkesha wa mtaa ule, Jumapili kanisa la tatu, akitafuta nabii wa kumwambia nani amemfunga. Nakusihi usizunguke. Kiangazi cha roho si lazima kiwe laana wala kosa la jirani yako. Kaa kanisani kwako. Chagua saa moja ya siku, hata ikiwa fupi, na zaburi moja, uishike kwa wiki nzima hata kama huhisi chochote. Ungama lile unalolijua, kwa padri kama ndivyo mfanyavyo, au mbele ya mzee wa kanisa unayemwamini. Tembelea mgonjwa mmoja. Hiyo ndiyo kuzibua mtaro: kazi ya koleo, haina shangwe, na wakati unaifanya hakuna tone la kukuthibitishia kwamba inahitajika.

Tena usidhani kwamba usichokiona hakipo. Mwezi Agosti ukisimama ufukweni, milima ya Congo ng'ambo ya ziwa haionekani kabisa. Vumbi limetanda, na moshi wa majani yanayochomwa umeongezeka juu yake. Mgeni aliyefika wiki hiyo anaweza kuapa kwamba ziwa halina ng'ambo. Mvua ya kwanza ikipita, asubuhi yake unaona milima ya juu ya Uvira hadi mikunjo ya mabonde yake. Ilikuwa palepale siku zote.

Nina ushahidi mwingine kwamba msingi huchimbwa mapema, nao ni mzito. Tarehe 30 Aprili 1997, vita vikiwa vimeshika nchi, watu wenye silaha waliingia seminari ndogo ya Buta, mkoani Bururi. Wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu upande mmoja na Watutsi upande mwingine. Vijana wale walikataa. Arobaini wakauawa. Padri Zacharie Bukuru, aliyekuwa mkuu wa seminari, ameandika kitabu juu yao, na makaburi yao Buta yamekuwa mahali pa hija. Uamuzi kama ule haupatikani dakika ile ile mtu anapoelekezewa bunduki. Tangu nchi ilipowaka moto mwaka 1993, nyumba ile ilikuwa ikiwalea vijana wake kuishi kama ndugu: kula pamoja, kulala pamoja, kuomba pamoja, kuyazungumza hata yale yanayouma. Siku nyingi za kawaida, ambazo hakuna gazeti liliziandika, ndizo zilizochimba msingi. Mzazi unayesoma haya, jinsi unavyomtaja jirani wa kabila jingine mezani wakati wa amani ndiyo seminari ya watoto wako.

Sasa Agatasi. Mvua zimefika, udongo umelainika, na hapo ndipo njaa inapouma, jambo ambalo mtu wa mjini husahau. Maharage yaliyobaki ghalani ni chakula, na ndiyo hayohayo mbegu. Mama anayapima kwa kopo, watoto wakimtazama: haya ya chungu, haya ya shamba. Kila punje anayoizika ardhini ameitoa midomoni mwao, na hatayaona mavuno kabla ya Desemba au Januari. Zaburi ya 126 inaposema juu ya watu wanaopanda huku wakilia, naamini inamwona mama huyu. Si huzuni ya jumla, ni kilio cha mtu anayefukia chakula huku ana njaa.

Kwa hiyo kupanda kiroho ni kutoa kitu unachokihitaji leo kwa ajili ya tunda utakaloliona baadaye. Kijana anayekaa miaka kadhaa kwa fundi seremala bila malipo ya maana huku wenzake wakiuza vocha barabarani, anapanda. Mama anayeamka kuomba na watoto wake kabla ya kwenda soko la Kwa Siyoni, anapanda usingizi wake. Aliyefiwa akamsamehe aliyemwua ndugu yake, amepanda kitu kizito kuliko vyote. Wagalatia 6 inatuonya tusichoke kutenda mema, maana wakati wa kuvuna upo.

Hapa lazima niseme wazi, maana watu wetu wanaumizwa. Wapo wanaosimama madhabahuni na kuita noti unazoweka mbele yao mbegu, wakikuahidi gari au visa kabla ya mwisho wa mwezi. Mkulima hapandi hivyo. Hupanda katika shamba analolilima, hupalilia, hungoja miezi, na akipanda maharage huvuna maharage. Toa sadaka na zaka kwa moyo mweupe, kwa kanisa linalokuonyesha hesabu. Usitoe kodi ya nyumba wala dawa ya mtoto kwa ahadi ya aina hiyo. Mtumishi anayepokea fedha hiyo akijua mtoto wako ni mgonjwa anatenda dhambi, na mwenye kumwambia hivyo si mwasi.

Ziwa nalo lina majira yake. Wavuvi wa ndagala hufanya kazi kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu taa haina nguvu, samaki hawakusanyiki, basi mitumbwi huvutwa ufukweni na nyavu zikashonwa. Miaka ya karibuni nchi zinazolizunguka ziwa, kupitia Mamlaka ya Ziwa Tanganyika yenye makao yake hapa Bujumbura, zimekubaliana pia kulipa ziwa mapumziko ili samaki wazaane. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi upande wake kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Walawi 25 iliagiza ardhi ipumzike mwaka wa saba. Nawe pumzika siku moja kwa juma, simu ikiwa imezimwa, hata kama unauza duka. Ila kanisa likihubiri mapumziko, likumbuke kwamba kwa familia ya mvuvi mapumziko ya ziwa ni sufuria tupu. Liweke mfuko wa miezi hiyo mapema, lisisubiri wake wa wavuvi waje kubisha.

Limebaki neno moja kwa wale ambao mvua tayari imewapiga. Aprili 2020 mto Rusizi ulivunja kingo zake, Gatumba ikafunikwa, na maelfu wakahamia mahema, wengine kambi ya Sobel huko Maramvya. Kati ya Septemba 2023 na Aprili 2024, mvua za El Niño ziliwaathiri zaidi ya watu 200,000 nchini, na ziwa likapanda hadi kuingia barabarani na nyumbani. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea maji, mto Lukuga, kule Kalemie, upande wa Congo. Kwa hiyo hushuka polepole. Mwezi Mei mvua inakata, anga ni safi, na ndipo maji yanapokuwa juu kabisa. Mtu wa Gatumba anaweza kuota jua la Juni huku maji yamo chumbani kwake.

Wachungaji, mapadri, na sisi sote tunaopenda kufariji haraka, tulijifunze hilo. Mjane hakauki machozi siku matanga yanapoanuliwa. Aliyeporwa mwaka 1993 au aliyekimbia mwaka 2015 hakumaliza kulia siku bunduki ziliponyamaza. Usimwambie mvua imekwisha, sasa shukuru. Rudi kwake baada ya miezi, wengine wakiwa wamemsahau, ukae naye. Wala usimwambie kwamba Mungu amemwadhibu. Katika Luka 13 Yesu aliambiwa habari za watu waliouawa, naye akawakumbusha wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Alikataa katakata kusema kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine wa Yerusalemu, kisha akawageukia waliokuwa hai akawaambia watubu. Neno la toba ni letu sisi ambao nyumba zetu bado zimesimama.

Kiangazi hakijaisha. Jumamosi hii, kwenye kazi za jamii, usiende kusimama na kupiga soga hadi saa nne. Beba koleo, zibua mtaro wa mbele ya nyumba yako, utoe chupa na mchanga wote, kisha uendelee hadi mlangoni kwa jirani asiye na nguvu za kuchimba. Matope usiyaache ukingoni, mvua ya kwanza itayarudisha. Ukifika nyumbani, kabla ya ibada ya Jumapili, mpigie simu yule ndugu yako wa mlimani mliyegombana juu ya mpaka, umwambie unakuja mwezi huu. Mpigie kabla hajashika jembe.